Swali la Pili

Nakumbuka asubuhi moja pale Kipawa, mwanangu, daktari mzee alipomuuliza mdogo wangu swali moja. Ofisi yetu ilifungwa miezi kadhaa baadaye, lakini kwangu mimi ilifungwa asubuhi ile.

Kwanza nikueleze tulivyokuwa. Wazazi walitutoka nikiwa kidato cha pili. Nikaacha shule, nikauza maandazi Temeke, nikawalea wadogo zangu. Niliwafundisha kwamba jirani akiuliza habari za nyumbani, jibu ni "nzuri", hata kama jiko halijawashwa tangu jana. Siri ya mtungi aijuaye kata. Neno hilo lilitusitiri. Bila hilo tungegawanywa kwa ndugu kama vyombo vya marehemu.

Idrisa, kitinda mimba wetu, alisoma mpaka akajua kutengeneza programu za kompyuta. Akafungua kampuni ndogo Chang'ombe, chumba kimoja juu ya gereji, yeye na vijana wawili, Baraka na Neema. Mimi nikawa mpokea simu na mpika chai. Walikuwa na desturi waliyoisoma mtandaoni: kila asubuhi wanasimama duara, kila mmoja anaeleza kazi yake imefika wapi na imekwama wapi. Desturi nzuri, siisemi vibaya. Ila sisi ni watu wa hapa. Idrisa akianza, "Haya, habari za kazi?" Neema anasema, "Poa." Baraka anasema, "Inasogea, braza." Duara linavunjika chai haijapoa. Walidhani wanapeana taarifa, kumbe walikuwa wanaamkiana.

Ndipo ikaja kazi ya zahanati ya Kipawa. Mwenyewe alikuwa Daktari Gulamu, mzee mwenye asili ya Kihindi, aliyezaliwa mtaa uleule. Alitaka kumbukumbu za wagonjwa wake zihamishwe kutoka kompyuta ya zamani hadi programu mpya ya akina Idrisa. Kuhamisha akapewa Baraka. Nilimwona siku hizo ameganda mbele ya kioo cha kompyuta, kikombe hakijaguswa.

"Mbona hunywi chai?"

"Ya moto, dada."

Haikuwa ya moto. Nikacheka, nikapita zangu.

Siku ya kukabidhi tulikwenda wote. Muuguzi akamwita mgonjwa wa kwanza, bibi mmoja jina lake Asha Juma. Akasoma kwenye kompyuta, akavuta dawa kwenye sindano, kisha akasita. "Bibi, hapa panasema una miaka kumi na tisa."

"Inshallah, mjukuu wangu, iwe hivyohivyo," bibi akajibu, na watu kwenye benchi wakacheka.

Muuguzi hakucheka. Alikwenda kabatini, akatoa faili la karatasi la yule bibi. Dawa ile ilikuwa mwiko kwake, ingeweza kumuua. Programu yetu ilikuwa imewachanganya Asha Juma wote wa Kipawa wakawa mtu mmoja.

Daktari akaizima kompyuta kwa mkono wake mwenyewe. Idrisa akamgeukia Baraka. "Ulijua?"

"Nilijua majina yanagongana, braza. Nilikuwa natafuta njia."

"Na kila siku unatuambia inasogea?"

"Ningesemaje? Nyie wote mlikuwa poa."

Daktari hakupandisha sauti. "Kijana," alimwambia Idrisa, "wagonjwa wangu nikiwauliza habari, wote wananiambia nzuri. Nzuri, na mtu kaletwa amebebwa mgongoni. Ndiyo heshima yetu, siikatai. Lakini daktari akiishia hapo atazika mtaa mzima. Ndiyo maana nauliza mara ya pili: unaumwa wapi? Katika duara lenu, nani anauliza mara ya pili?"

Ndilo swali lenyewe. Idrisa alitazama sakafu mpaka daktari akatuonyesha mlango.

Maneno yana miguu, mwanangu. Wateja wakaanza kutuepuka mmoja mmoja, na simu niliyokuwa naipokea ikanyamaza. Baraka alirudi kwao bara bila kuaga. Idrisa sasa yuko Sinza, anauza makava ya simu kando ya baa, yeye aliyekuwa fahari ya ukoo. Huwa namtembelea. Nikimuuliza habari, ananijibu, "Nzuri, dada." Namuuliza tena, "Unaumwa wapi, mdogo wangu?" Anatabasamu. "Sina neno, dada." Nilimfundisha vizuri mno. Sina tumaini kubwa kwamba siku moja atanifungulia moyo, lakini nitaendelea kwenda, na nitaendelea kuuliza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Salamu ijibu kwa heshima, kama ulivyolelewa. Lakini ukiulizwa kazi imefika wapi, sema "nimekwama" siku ileile uliyokwama, maana neno hilo likilala kinywani huota mizizi. Na ukiwa mkubwa wa wenzio, ukishaambiwa "poa", uliza tena, kisha nyamaza ungoje. Usiikimbilie chai. Siahidi kwamba kila mtu atakujibu. Nakuambia tu kwamba asiyeulizwa huzama akiwa anatabasamu.

Mungu akupe kinywa chepesi cha kusema pale unapoelemewa, na asikunyime mtu wa kukusubiri mpaka umalize kusema. Amina.