Terere ya Jumapili hapa Kiuu

Leo tumejaribu kupika vegan, na chakula kimebaki kwenye sahani.

Idea ilikuwa yangu. Jumapili moja tu bila nyama, maziwa wala mayai. Watoto walichambua terere, yaani mchicha, mimi nikachemsha maharagwe, tukacheka sana jikoni.

Shosho wa watoto, mama ya mume wangu, alikuwa amekuja kutoka mtaa wa Landless, Thika.

Alionja kijiko kimoja, akaweka sahani chini.

"Mama, chumvi ni kidogo?" nikamuuliza.

"Hapana. Sisi hata chumvi hatukuwa nayo."

Guys, aliongea bila kutuangalia.

Miaka ya hamsini, wakati wa Emergency ya mkoloni, yeye na familia yao walifungiwa kwenye kijiji kilichozungushiwa waya nje ya Thika. Ng'ombe zao zilichukuliwa. Mama yake alikuwa anashinda akichimba mtaro kwa lazima, halafu jioni anachemsha terere, basi. Ndugu yake mdogo alishindwa kuimeza, na maziwa hayakuwepo.

"Njoroge alilia mpaka sauti ikaisha. Tulimzika karibu na huo mtaro."

Mume wangu anaitwa Njoroge.

"Mama," akasema polepole, "si ulituambia huyo mjomba alihamia Nakuru?"

"Niliwaambia hivyo. Ulikuwa mtoto. Ungeogopa jina lako."

Hakuna aliyemaliza chakula. Sasa Njoroge wangu na Shosho wameketi nje wawili, amemshika mamake mkono.

Na kwenu je, kuna mtu mliambiwa alihamia mbali? Mlishawahi kuuliza?