Pamba Nyuma ya Kochi

Shangazi yangu alinunua mtambo wa sinema za nyumbani, spika tano na sabufa lake, kwa sababu moja tu: alitaka mume wake aangalie mpira nyumbani. Kila penye mechi, Mzee, ndivyo sote tulivyomwita, alikuwa anavuka barabara kwenda kibanda umiza, banda la kulipia kuangalia mpira, na shangazi anabaki na TV peke yake.

Mtambo niliufunga mimi. Shule niliishia kidato cha pili, ila nyaya hazijawahi kunitisha. Mtambo una maiki ndogo. Unaiweka pale mtu atakapokaa, unabonyeza rimoti, nao unajipima wenyewe: kila spika inalia kwa zamu, maiki inasikiliza, amplifaya inaamua ipi ipaze na ipi ipunguze. Naupenda sana mlio ule. Unaanza chini kama maji yanayojaa kwenye ndoo, unapanda mpaka unakuwa uzi mwembamba, halafu unahamia kona nyingine. Nikifumba macho naona ndege anazunguka sebuleni akitafuta pa kutua.

Jioni ya mechi Mzee alikubali kujaribu. Akakaa, akavua kofia. Nikawasha TV, mashabiki wakanguruma nyuma ya visogo vyetu kama ng'ombe waliovunja zizi, na mtangazaji hasikiki kabisa.

"Huyu anatangazia kisimani?" Mzee akauliza.

"Mpira bado haujaanza," shangazi akasema. "Mwache fundi aangalie."

"Kule kibandani spika ni moja, tena imepasuka, na kila neno nalisikia." Akaichukua kofia yake, akaiweka gotini.

Shangazi akaniangalia. Alikuwa amevaa kitenge kipya, cha kukaa tu nyumbani.

Nikashika nyaya zote, ziko sawa. Nikafungua vipimo kwenye TV: spika za nyuma zimepandishwa karibu na mwisho, ya katikati, inayotoa maneno, iko chini kabisa. Kwa nini mtambo ufanye hivyo? Nikaingia nyuma ya kochi kuzitazama. Kwenye kitambaa cha spika vilikuwa vimeganda vijinyuzi vyeupe.

Pamba. Siku ninafunga mtambo, sebule ilikuwa ghala, kama nyumba nyingi za kwetu Bariadi msimu wa mavuno. Mafurushi ya pamba iliyofungwa kwenye shuka yalipangwa nyuma ya kochi mpaka karibu na bati, na mimi nikapima hivyo hivyo, nikaona raha ukimya ule laini. Spika za nyuma zilikuwa kama zinapiga kelele ndani ya godoro, amplifaya ikadhani ni dhaifu, ikazipa nguvu na kuipunguza ya katikati. Sasa pamba imeshaenda mizani kuuzwa, godoro halipo, nazo bado zinapayuka.

"Napima upya," nikasema. "Tokeni wote, na msiongee."

"Hata mimi?" Mzee akauliza.

"Maiki inasikia hata pumzi, Mzee."

"Basi inanishinda masikio."

Wakatoka, wakakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Nikaweka maiki juu ya kigoda kilichopandishwa kwenye kochi, usawa wa sikio la Mzee. Ndege wangu akaanza kuzunguka, TV ikaandika kuna kelele. Ni mabati, yalikuwa yanapoa na kulia tak, tak. Nikasubiri yatulie, nikabonyeza tena. Kelele. Safari hii nikasikia mwenyewe: dirishani kuna watu wananong'ona Kisukuma, na shangazi anacheka kwa kujizuia, kama binti.

"Tumeambiwa tunyamaze," alikuwa anasema.

"Wewe ndiye unayecheka."

Sikuwa na moyo wa kuwakemea. Nikafunga dirisha polepole, nikapima. Mlio ukazunguka kona zote, mara hii ukakubaliwa. Nilipowasha, mtangazaji alikuwa katikati ya chumba, maneno yake yako wazi, na mashabiki wamerudi mbali, wanakuja na kuondoka kama upepo.

Nikafungua mlango. "Mzee, mpira umeanza. Anasikika vizuri."

"Wabeja, ng'wanone," akajibu, yaani asante, mwanangu. Hakuinuka. Kofia ilikuwa kichwani kwa shangazi. "Tuambie tu wakifunga."

Nikakaa peke yangu kwenye kochi, nikapunguza sauti kidogo ili niwasikie wao.