Tumbo Lisilo na Kovu

Bolingo, dada mkubwa wa askari Likoke, aliishi katika kambi ya Kamina akiwadharau wote. Watoto wa wenzake aliwaita vyura. Damu ya kwao, alisema, haijawahi kuzaa kilema.

Basi Fils, mtoto wa Likoke, alizaliwa utumbo umeziba, akapasuliwa angali mchanga kabisa. Akapona. Daktari akaagiza arudishwe akifika miezi mitatu, Maurice, kine wa hospitali, mtaalamu wa kunyoosha viungo, amtazame anavyojitikisa. Mtoto akipasuliwa mchanga hivyo, ubongo nao huweza kuguswa; ukiwa umeguswa, mikono na miguu husema kabla ya mdomo, na mazoezi hufaa yakianza mapema.

Bolingo alicheka kwa pua. Mtu asome miaka yote ile, kazi yake iwe kutazama mtoto akirusha miguu! Lakini alikuwa ameona Fils anavyolala, miguu kama kamba iliyolowa, naye kambi nzima alikwisha kuiambia kwamba mtoto hana kasoro.

Siku ilipofika, malaria ikamlaza Ndaya, mama wa mtoto. Bolingo akajitolea kwenda. Kambini mtoto hubebwa na mgongo wowote, hakuna anayeuliza. Alimwacha Fils kwa jirani Naomie, akamfunga mgongoni Noé, mtoto wa Naomie wa umri uleule, mnene, mateke kama punda, akaenda kama anayepeleka mwanafunzi hodari kwenye egzame ya shule.

Ujanja wa mpumbavu huwa na tundu katikati. Hakuwahi kuuliza mtoto hutazamwaje. Angeuliza, angejua kwamba hulazwa chali, macho wazi, bila nguo.

Maurice akamvua. Noé akapiga mateke, akachezesha vidole, akajikojolea. Bolingo akatabasamu. Maurice yeye alikuwa akitazama tumbo, laini kama ugali wa bukari.

"Mama, kisu ilipita wapi?"

Bolingo akajibu kwamba kwao kovu hufutika upesi. Wamama wa kwenye benchi wakacheka, wala hawakujificha. Maurice akamrudishia mtoto, akamwambia yule aliyepasuliwa aletwe leo leo, kwa kuwa ule mtikisiko mdogo anaoutafuta una umri wake, ukipita, umepita.

Habari ilifika kambini kabla ya Bolingo. Ndaya akaamka na homa yake, akamfunga Fils mwenyewe, akaenda. Maurice akamtazama mtoto kitambo kirefu, bila kumwimbia, bila kumchezea. Mikono ilicheza vizuri. Miguu ilicheza kidogo mno. Akamwonyesha Ndaya namna ya kumlaza na kumnyoosha, mazoezi yaanze siku ileile.

Waliporudi, Bolingo alikuwa mlangoni amenyoosha mikono ampokee mtoto, akisema kwamba hata yeye aliona zamani ile miguu haina nguvu.

"Hapana, yaya," Ndaya akamwambia wifi yake mkubwa, akimpita. "Weye baki na Noé. Ule njo mwenye alishinda egzame yako."