Mke wangu alitoa single, kumbe anayeimbwa ni mimi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa kweli tupu. Anayetaka chumvi aongeze mwenyewe.

Naishi Barking, London, na mke wangu Anitha na watoto wetu wawili. Yeye ni carer, anahudumia wazee majumbani kwao. Mimi napokea simu za malalamiko kwenye ofisi ya housing. Bomba la mtu likivuja, natukanwa mimi.

Anitha alikuwa anaimba kwaya kanisani. Siku moja akaniambia amepata studio Tottenham, anataka kurekodi wimbo. Nikajua ni gospel. Nikampeleka.

Studio yenyewe ni chumba cha kulala cha Mkongo mmoja, mtu mzima mpole, kasimamisha magodoro ukutani kuzuia sauti. Anitha akikosea, anamwambia tu, "Rudilia, mama."

Wakati wanajaribu mic nikashuka kusubiri kwenye gari. Mchana mzima. Niliufurahia sana ule mchana, mtanielewa mbele.

Wimbo ulipotoka sikuusikiliza. Nilituma link kwenye magroup yote, nikaandika "support local talent".

Nikaja kuusikia kwenye send-off ya binti wa rafiki yetu. DJ akaupiga. Bongo Fleva ya kuchezeka kabisa.

Unaitwa "Umefika Hujafika". Unamhusu mwanaume anayetoka kazini, anapaki nje ya nyumba yake, anazima gari, halafu anabaki humo humo. Mke anamwona dirishani. Chakula kinapoa. Watoto wanauliza kama baba amefika, na kiitikio ndicho jibu la mama, analielekeza kwa baba mwenyewe: umefika, hujafika.

Wakuu, huyo ni mimi. Hata rangi ya gari kaitaja.

Wamama wote walisimama kucheza, macho yao kwangu. Nikaendelea na kuku wangu.

Baada ya hapo kila mtu akawa na lake.

Wanawake wa huku waliupenda. Wakaanza kuwarekodi waume zao wakiwa wamekaa kwenye magari, wanaweka wimbo juu ya video. Jirani yetu wa Kipemba, Bi Zuhura, alisema maneno ni mazuri ila muziki unakimbia kama unafukuzwa.

Nyumbani Bongo walisema beat ya kizamani. Mmoja akaandika, "Dada fumbua macho, shemeji ana mchepuko." Comment hiyo ilipata likes nyingi kuliko wimbo.

Kiongozi wa kwaya akamwomba Anitha apumzike kwanza, eti ameimba wimbo wa dunia. Hilo lilimuuma kweli. Solo zote za pale zilikuwa zake.

Mama yangu akapiga kutoka Morogoro. Akauliza nakaa na nani kwenye hilo gari. Nikamwambia peke yangu. Akasema, "Afadhali angekuwepo mtu."

Washikaji wakanishauri nisimame kama mwanaume, nimwambie aufute. Nikaona sawa. Jumamosi asubuhi anakunja nguo, nikamwambia.

Hakubisha. Akauliza tu, "Nikiufuta, utaingia ndani?"

Ikabidi nieleze. Kwamba kutwa nzima watu wananifokea masikioni. Nikifikiria mlango ule, nyuma yake kuna homework, kuna voice notes za ndugu, kuna kila kitu. Pale kwenye gari hakuna anayeniita. Siyo kwamba siwataki. Najikusanya.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Siku zote nakuuliza, unanijibu umechoka." Akachukua shati jingine, akalikunja.

"Na mimi najikusanyia wapi?"

Wakuu, Anitha anatoka kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu, anapanda mabasi mawili, anafungua mlango, anaanza kupika. Koti anavulia jikoni. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo, na dirisha analonionea mimi ni lile lile moja.

Wimbo haujafutwa. Kwaya bado hawajamrudisha, na mimi salamu nawapa nusu.

Siku hizi nikifika naingia moja kwa moja, nampa funguo, nashika mwiko. Yeye anatoka kwenda kukaa kwenye gari. Mwanzoni watoto waliniuliza, "Is Mum okay?" Nikawaambia yuko salama, anakuja. Majirani sasa wanamsema yeye.

Juzi nikamchungulia, nikamwona anaimba huku vidole vinapiga usukani. Alipoingia nikamuuliza kama ni wimbo mpya. Akasema ndiyo. Nikamuuliza unamhusu nani.

Akaniambia ugali unaungua.

Nilichojifunza: mkeo akikuambia jambo kwa maneno ya kawaida, lisikilize hapo hapo. Ukichelewa litatiwa beat, na watu watalicheza.

Nyie wenye ndoa, mnajikusanyia wapi? Semeni kweli, wake zenu wengi hawamo humu.