Mikono Mitupu Kutoka Kampala

Ipo siku moja ambayo kumbukumbu yangu haijaiacha ipumzike, mwanangu Masika. Ni siku niliyomkuta mtu Bungulu, mtaa wa Beni, wakati mtaa wetu wote kule Butembo ulijua kwamba yuko Kampala.

Nakuita mwanangu nawe utacheka, kwa sababu mama yako ni dada yangu mkubwa, na mimi nimekutangulia kuzaliwa kwa miaka isiyofika kumi. Lakini kwetu mjomba hasubiri mvi. Mama yako alinipigia simu akasema unakwenda kushindana nje ya nchi, kwa hiyo nikusemeshe. Nikamjibu kwamba mimi na nasaha hatupatani. Nyingi ni hofu za wazee zilizovishwa nguo za Jumapili. Akakata simu. Ningenyamaza kweli, lakini kesho yake nikaona picha uliyoweka kwenye statut yako ya WhatsApp: umesimama na kimono katikati ya marafiki, na chini umeandika, "Tumeni commandes." Watu walikuwa wamekwisha kujibu. Huyu aliagiza viatu, yule nywele, mwingine simu. Wewe ukawajibu wote kwa kidole gumba. Chai yangu ilipoa mkononi.

Basi nisikilize, halafu ubishe ukitaka. Mimi mwenyewe ningebisha.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo, nikicheza judo katika ukumbi wa parokia, pale pale unapocheza wewe. Kambale alikuwa bora kuliko sisi sote. Kambale wako wengi, kila nyumba ina wake, lakini huyu ukimshika kola ulikuwa unajuta. Alipochaguliwa kwenda Kampala, furaha yetu haikuwa na breki. Tulichoma mbuzi, tukapiga muziki, pombe ya kasiksi ikazunguka, na kila aliyemkumbatia alimnong'oneza kitu sikioni. Kila mmoja alijibiwa, "Nitakuletea." Hata wasiomjua vizuri walijibiwa hivyo. Kesho yake tulimsindikiza kwa pikipiki mpaka kilima cha mwisho, njia ya Beni, tukipiga honi kama watu wa arusi.

Simlaumu kijana ambaye hakuweza kusema hapana. Fikiri mji wetu ulivyo. Ni mji wa maduka. Babu zetu walivuka mpaka wa Kasindi kutafuta vitenge na mabati. Watoto wao wakafika Dubai na Uchina. Kwetu "nje" ni mahali mzigo unakotoka. Hatujui safari isiyo na mzigo. Kijana akituambia anakwenda nje kushindana, tunasikia "nje", lakini "kushindana" kunapita kando ya sikio. Akirudi hatumwulizi alipigana vipi. Tunatazama mkono ulioshika begi.

Wiki kadhaa zikapita. Kambale hakurudi. Kwenye groupe yetu ya WhatsApp alikuwa anaandika kwamba yuko salama, kwamba ameongezewa mazoezi. Sisi tukaongeza commandes.

Mimi nikaenda Beni kwa utafiti wangu wa mwisho wa masomo. Nilikuwa napita Bungulu kutafuta nyumba moja nilipomwona mtu uani anapasua kuni. Alikuwa amevaa training, ile nguo ya mazoezi ya timu ya taifa, lakini ameigeuza ndani nje, mishono yote juu, jina la nchi limeugeukia mgongo wake. Nilijua mgongo ule kabla sijauona uso. Nilipomwita, alitazama kwanza nyuma yangu.

"Uko peke yako?"

Nikamwambia niko peke yangu. Ndipo akaweka shoka chini.

Alikuwa amepoteza pambano la kwanza. Mganda mmoja alimtupa kabla hajajua ni mkono gani uliomkamata, na safari yake yote ya Kampala ikaishia hapo. Alirudi kupitia Kasindi pamoja na wenzake wa timu, watu wa miji mingine. Walipofika Beni akawaambia watangulie, yeye anamsalimia bibi yake. Tangu hapo alikuwa anamsalimia.

Hilo peke yake lingekuwa jambo la kuchekesha. Lakini alikuwa na mpango. Kuna mtu wa Oicha aliyehitaji mikono ya kuvuna kakao. Kambale angekwenda, angevuna, kisha angenunua viatu na nguo hapo hapo soko la Beni, ajaze begi, aingie Butembo kama anayetoka Kampala. Mwanangu, unajua mashamba ya Oicha yanapakana na nini. Kakao inaishia pale pori linapoanza, na pori lile lina watu wa bunduki, halimrudishi kila anayeingia. Yeye alijua kuliko mimi. Hata hivyo, hofu ya pori ilikuwa ndogo mbele ya hofu ya ile pikipiki yetu yenye honi.

Nilianza kumshawishi. Nilimwambia kwamba aibu ya namna hiyo ni kitu kilichobuniwa na watu, na kilichobuniwa na watu, watu wanaweza kukibomoa. Nilikuwa nimesoma vitabu vya kutosha kuyasema hayo bila kukohoa. Kambale alinisikiliza mpaka mwisho, akaokota shoka.

"Basi enda ubomoe weye," akasema. "Bataniuliza miye, hapana weye."

Bibi yake alikuwa ameketi mlangoni, anachagua maharagwe kwenye ungo. Tulimwita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu wote. Tangu mjukuu afike hakuwa amemwuliza hata neno moja. Alimpa maji, akampa bugali, akamwonyesha kitanda. Sasa aliniita mimi, akanisogezea kiti kidogo.

"Na weye," akasema, "ulimuagiza nini?"

Nilitazama maharagwe. Nikamwambia, viatu.

"Namba?"

"Arobaini na mbili, Koko."

Alinitazama miguu bila haraka. "Miguu yote hii, na bado unakuja kumufundisha kama aibu hakuna."

Kambale alicheka kule kwenye kuni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu Kampala. Mimi nilitafuta pa kujificha nikajificha nyuma ya methali, maana ndiko msomi anakokimbilia akikosa hoja mbele ya wazee. Nikasema nilitaka tu kumtia moyo, kwa sababu wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure.

"Maliza," akasema Koko.

"Huenda akaokota."

"Huenda. Habakusema ataokota. Nyiye batoto ba Butembo mulikula ile huenda, mukaacha kuokota peke yake."

Sina kawaida ya kushindwa mabishano upesi hivyo. Nilitaka kumwambia kwamba ni rahisi kusema hivyo ukiwa Bungulu, mbali na groupe ya WhatsApp. Lakini alikuwa hajamaliza. Akanisimulia kwamba marehemu mume wake aliuza chumvi, na safari moja lori lilipinduka, chumvi yote ikalowa mtoni. Mzee alirudi kwa miguu na fimbo. Koko alikwenda akamngojea mahali pale pale alipomwacha siku ya kuondoka, na kibuyu cha maji. Hakumwuliza chumvi iko wapi. Alimpa anywe, wakarudi nyumbani, na habari ya lori ikasemwa siku mdomo wa mzee ulipokuwa tayari.

"Kwetu mutu banamupokea fasi banamuachaka," akasema. "Nyiye mulimuacha wapi?"

"Kilima cha mwisho, Koko."

"Donc kazi iko kwenu, hapana kwake. Kesho kutwa asubuhi nitamupeleka kwa parking. Kuko motokari ya Oicha, kuko ya Butembo. Miye sitamusukuma, ni mwanaume. Mais nitamwambia kama pale kilimani kuko mutu." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Usinifanye muwongo."

Nilirudi Butembo nikiwa na hasira, wala sijui hasira ya nani. Ni rahisi kuwahoji wazee, na kazi hiyo nimeifanya tangu shule ya msingi. Kuwahoji marafiki ni kazi nyingine. Niliwaita wale wenye honi, nikawaambia ukweli: Kambale ameshindwa, yuko Beni, hana kitu, na nataka kila mtu afute commande yake kwenye groupe, kisha apande kilima nami. Ungewasikia. Mmoja aliuliza kwa nini alitudanganya, swali zuri. Muhindo, aliyekuwa anajiandaa kwa arusi, aliuliza, "Halafu miye nitavaa nini kwa mariage?" Wawili walitoka kwenye groupe bila neno. Kavira, aliyekuwa mwepesi kuliko sisi wote kwenye tatami, aliuliza tu tuonane saa ngapi.

Mimi pia nilifuta viatu vyangu. Ajabu ni kwamba kidole kilisita.

Asubuhi ile kilima kilikuwa na ukungu, baridi ya kwetu unaijua. Kati ya umati ule wa pikipiki tulikuwa watu wanne. Wanawake walipita na mihogo kichwani, chukudu, zile baiskeli za mbao, zikashuka na makaa, na kwa kila gari lililotoka upande wa Beni nilinyoosha shingo. Lilipita moja, likapita lingine. Simu ya Koko haikupatikana. Muhindo, ambaye alikuja akilalamika, aliendelea kulalamika: kama amekwenda Oicha tunangoja nani? Mimi nilikuwa najiuliza swali hilo hilo, na lingine baya zaidi: kama amekwenda Oicha, ni nani kati yetu aliyemtuma? Nilipita safu yote ya nyuso za siku ile ya mbuzi, kila mmoja na kiatu chake, kila mmoja na shati lake. Hakuna aliyeagiza jambo kubwa. Ndiyo maana hakuna aliyejiona.

Teksi ikasimama chini yetu kidogo. Mlango haukufunguliwa upesi. Kisha Kambale akashuka. Training ilikuwa imegeuzwa upande wake wa sawa, jina la nchi likisomeka. Mikono aliishikilia mbele kidogo, wazi, kama mtu anayepekuliwa kizuizini.

Kavira akampa chupa ya maji. Akanywa yote, bila kupumua. Hakuna aliyeuliza kitu. Ni Muhindo aliyeshindwa kuvumilia.

"Bon. Na suti yangu?"

Kambale akafuta mdomo. "Nilikuwa nayo kwa mikono, ndugu yangu. Ule Mganda akanitupa, miye nikashuka, suti ikabaki juu."

Tulicheka mpaka mama mmoja aliyepita na mihogo akatuuliza kama tumekunywa asubuhi yote hii. Tukashuka kilima kwa miguu. Njiani alituambia kwamba kule parking konda wa Oicha alimwita mara mbili, na Koko alikuwa ameutazama ukuta muda wote, hasemi.

Sasa mwanangu, sitaki kukudanganya kwamba kushindwa ni zawadi. Wako wanaoshindwa wakaambulia maumivu tu. Na mmoja wa wale wawili waliotoka kwenye groupe hamsalimii Kambale mpaka leo. Wamepishana njia miaka yote hii. Hata mimi, ile methali ya asiyekubali kushindwa si mshindani naisikia kwa shaka, kwa kuwa watu huisema zaidi wakiwa si wao walioshindwa. Lakini Jumatatu iliyofuata tulimwomba Kambale atuonyeshe ukumbini jinsi alivyotupwa. Alikataa, akakataa tena, kisha akamshika Kavira kola kwa mkono wa nyuma, kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona, akamlaza chini kama mtoto. Tukasema, rudia. Akarudia mpaka tukaujua mtupo ule.

Ni ule mtupo unaoupenda wewe, Masika. Ule uliokupa nafasi kwenye timu. Na huyo Kambale ndiye unayemwita Kocha, na ndiyo sababu hupandisha sauti mtu akikuagiza kitu ukumbini.

Basi nasaha zangu, kama lazima ziitwe hivyo, ni hizi. Futa yale maandishi leo, kabla hujaufunga mkoba. Waambie marafiki kwamba unakwenda kupigana, na aliyetaka viatu aende sokoni. Atakayenuna, afadhali anune sasa ukiwa nyumbani kuliko akukalie kifuani ukiwa kwenye tatami ya watu. Usifurahie wengi watakaokusindikiza. Hata honi inasindikiza. Jiulize ni yupi atapanda kilima kukiwa na baridi na wewe huna begi. Wakiwa wawili, una utajiri. Na ukishindwa, rudi siku ile ile ya kurudi, njia ile ile. Beni shuka umsalimie Koko, bado anachagua maharagwe yake, kisha upande gari.

Kubariki si kazi yangu. Mama yako anajua kwamba mimi na Mungu wake bado tunabishana. Lakini kwa hili nitamwomba bila masharti: akupitishe Kasindi salama, akupe mikono mepesi, na vyovyote itakavyokuwa akurudishe ukiwa umevaa jina la nchi upande wake wa sawa. Mimi nitakuwa kilimani na maji. Viatu nimekwisha kujinunulia.