Joachim na Mwavuli wa Akiba

Katika miaka sita aliyokaa Guangzhou, Mwikali hakuwahi kukutana na mtu mwenye maneno mengi na akili kidogo kama Joachim. Mwikali alikuwa mkalimani wa wanunuzi kutoka Nairobi; Kichina chake alikiokota katika maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu, akibishania bei ya soksi. Joachim alikuja kununua miavuli ya kurukia kutoka kwenye ndege, awafungulie watalii klabu huko pwani.

Katika mkahawa wa mtaa wa Xiaobei, Joachim alimfundisha Mwikali kama mtoto wa chekechea, mafuta ya kuku yakimtiririka kidevuni.

"Sisi hatusemi kuanguka, madam. Kabla mwavuli haujafunguka, hiyo ni frifoli. Saa inayokuonyesha umebakisha futi ngapi kufika chini ni altimita. Mgeni akifungwa kifuani pa mwalimu waruke pamoja, hiyo ni tandemu."

"Umeruka mara ngapi?"

"Siku hizi sihesabu."

Mwikali alikitazama kitambi chake. Mwenyewe alikuwa ameshasoma kijitabu cha muuzaji, kurasa kumi na mbili, apate kutafsiri vizuri. Alijua begi moja hubeba miavuli miwili: mkuu, na wa akiba wa kukuokoa mkuu ukikataa.

Dukani, mwenye mali, Bi Liang, aliyepata kuwa mkunjaji wa miavuli, alimvika Joachim begi, kisha akauliza kishikio kipi ni cha nini. Mwikali akatafsiri.

"Huyu mama ananipima mimi?" Joachim akacheka, mkono ukienda kifuani.

"Hicho cha kushoto ni cha akiba," Mwikali akamwonya. "Usikiguse."

"Wewe shughulika na soksi zako."

Akavuta. Springi ikafyatuka mgongoni, kamwavuli kadogo ka kuuvuta ule wa akiba kakaruka hadi kwenye taa, na Joachim akapiga yowe akajibanza chini ya meza, nyuzi zikimfuata.

Bi Liang hakufoka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kuukunja upya mwavuli wa akiba ni kazi ya nusu siku, na kwamba mtu huyu hamuuzii hata akilipa mara mbili, kwa sababu ataua watu. Kwa kawaida Mwikali huyalainisha maneno ya wauzaji. Haya aliyafikisha yalivyo.

"Mwambie springi yake ni mbovu!"

"Mwambie mwenyewe."

Joachim akajipangusa magoti. "Sawa, niliruka mara moja. Tandemu. Nilifumba macho mpaka chini."

"Basi hukuruka," Mwikali akasema. "Ulibebwa, kama robota la mitumba."

Joachim akaondoka akitukana, kutafuta mkalimani mwingine. Mwikali alibaki sakafuni akimshikia Bi Liang kitambaa cha mwavuli, na katikati ya kazi alijidharau na yeye kidogo: siku tatu nzima alikuwa amemchekea mtu yule kwa ajili ya kazi tu.

Mwezi uliofuata alisikia kwamba Joachim ameacha miavuli, amepakia kontena la mahema ya harusi bandarini Nansha. Walipokutana Xiaobei, Joachim alimpungia mkono kwa furaha. Mwikali akavuka barabara kumkwepa.