Simu Niliyoinunua kwa Ajili ya Tochi

Reli ilipokuwa inajengwa kupita Tunduma nilikuwa kijana wa kuchota maji kambini. Fundi mmoja Mchina alikuwa na tochi ya chuma, ndefu kama mchi, na giza likiingia alikuwa anamulika mitini tuone macho ya komba. Niliitamani tochi ile kuliko nilivyokuja kutamani mke. Mke mwenyewe nilimwambia hivyo, akacheka, Mungu amrehemu.

Basi uzeeni nikateremka Tunduma, nikaona dukani simu ya kitochi, ya batani, sikuuliza kingine. Unakandamiza sifuri, kichwani panawaka. Redio inaongea bila waya, chaji inakaa wiki nzima. Ukigusa namba, mwanamke anaitaja kwa sauti. Hapa Itaka majirani wakasema mzee kaoa tena.

Mwanangu, huyo mmoja niliyebakiwa naye, alikuwa na mkewe na mtoto wao machimboni huko Mkwajuni. Kule shimoni mtandao hakuna. Jumapili alikuwa anapanda mlima kunipigia. Mimi nikimpigia, hapatikani. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kungoja.

Sasa kukawa na mtu, simjui mpaka leo, ananipigia kila alfajiri kutoka Zambia, ananigombeza kwa Kibemba. Mke wa jirani akanifundisha kumfungia: ingia kwa waliopiga, aliye juu kabisa ndiye wa mwisho, bonyeza kushoto, shuka, shuka, bonyeza katikati.

"Hapo, mzee, hakupati tena hata akilia."

Shule niliacha darasa la pili, majina ya kwenye kioo sisomi. Jumapili hiyo nilitoka kusaga mahindi, simu nimeiacha nyumbani. Nikaichukua, nikamfungia wa juu kabisa, nikajisifu. Kesho yake Mbemba akapiga tena. Nikarudia, akanyamaza. Nikadhani ile ya kwanza sikubonyeza sawasawa.

Jumapili zikawa kimya. Masika yakaisha. Nikasema mbele ya watu, kanisani kabisa, kwamba dhahabu imemfanya mwanangu asahau aliyemzaa.

Akaja mchana mmoja, peke yake, amekonda. Hakuniamkia.

"Mtoto alikufa, baba. Tulichelewesha kuzika tukikungoja."

"Hukunipigia!"

"Nilipiga huko mlimani mpaka chaji ikaisha. Kila nikipiga, unaongea. Ulikuwa unaongea na nani, baba, kutwa nzima?"

Akatoa simu yake, akanipigia pale pale uani. Yangu mkononi, kimya. Yake ikasema namba inatumika. Akaninyang'anya, akabonyeza bonyeza, akanisogezea kioo usoni.

"Hili jina langu. Liko kwa waliofungiwa."

"Mwanangu, mimi sisomi."

"Kubonyeza unajua."

Nikamweleza Mbemba, nikamweleza mke wa jirani, nikaeleza nilivyorudia. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo mwenyewe nilivyosikia inafanana na uongo. Nikamuuliza mjukuu wangu alikuwa anaumwa nini. Nikasema akae, nimpikie hata chai.

Jina lake hakulitoa mle kwa waliofungiwa. Aliilaza simu juu ya kinu, akatupia begi begani, akapita katikati ya mibuni kwenda barabarani. Nilimwita kwa jina la utotoni. Hakugeuka, na hajarudi.